Mto Niliousahihisha

Kwanza nilisikia mwanaume akisema Kiswahili kwa pua.

Nilikuwa bado nje, kwenye ngazi za mawe zinazoshuka kutoka barabarani hadi mlangoni, mkono mmoja umeshika mkate na mwingine unapapasa ukuta, maana mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha utelezi. Sauti ilitoka dirishani, ikapita kati ya majani ya migomba yaliyokuwa bado yanadondosha maji, ikanifikia. "Abari ya azubui," ilisema. Kimya kidogo. Halafu tena, bila haya: "Abari ya azubui."

Nikadhani wana mgeni. Padri mzee kutoka Ulaya, labda, mmoja wa wale walioishi Kongo miaka mingi bila kuipata h hata siku moja. Nikapangusa matope kwenye viatu, nikajitengenezea uso wa heshima, nikabisha. Mlango wa nyumba ile huvimba wakati wa mvua. Ni lazima uuinue kidogo ndipo ukubali kusogea. Nikauinua, nikausukuma.

Hapakuwa na padri.

Palikuwa na watu wawili tu ninaowajua. Mama mzee alikuwa jikoni, mlango wa jiko ukiwa wazi, anachambua sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye sinia. Binti yake alikuwa mezani mbele ya kompyuta yake, mikono mapajani, kama mtu aliyenyang'anywa kitu alichokuwa amekishika. Mimi humwita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Tulizaliwa mtaa mmoja, Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Familia zetu zilirudi Rwanda kwa nyakati tofauti, na bila kupanga zikajikuta majirani tena hapa Cyangugu, kwenye mteremko ule ule unaotazama ziwa. Mimi nilirudi mdogo, nikasomea huku. Yeye alirudi mtu mzima, akiwa amekwisha kuacha kuona.

Yaya ni kipofu. Macho yake yalififia polepole alipokuwa msichana wa shule, hadi yakazimika. Kompyuta yake ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini na kila herufi anayoibonyeza, na miaka yote hiyo sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke mwenye Kiswahili safi, cha redio, Kiswahili cha watu wa baharini. Mama mzee alimwita Mukwe, kwa kuwa, alisema, aliingia nyumbani mule bila kuzaliwa humo na hanyamazi.

Asubuhi ile Mukwe hakuwepo. Mahali pake palikaa yule bwana wa puani.

"Mwandishi," Yaya akasema, kabla sijavua viatu. Ananiita hivyo akiwa na furaha na ananiita hivyo akiwa na hasira. Tofauti iko kwenye urefu wa silabi ya mwisho. Siku ile ilikuwa fupi. "Jana ulifanya nini mu ordinateri yangu?"

"Niliweka toleo jipya la programu. Si ndivyo ulivyoniomba?"

"Nilikuomba. Lakini sikukuomba mwanaume."

"Mi nililala mwanamuke eko mu ordinateri," mama mzee akadakia kutoka jikoni, "naamuka nakuta Mubelgiji. Na huyu binti yangu ni muntu wa kwaya!"

Ningecheka zaidi kama nisingejua siku yenyewe ilikuwa siku gani. Saa nane mchana Yaya alikuwa anasubiriwa kwenye zahanati moja ya Kamembe, kwa jaribio la kazi. Walihitaji mtu wa kupokea simu, kusikiliza wagonjwa, kuandika ujumbe wao na namba zao, na kuzisoma kwa madaktari bila kukosea. Aende na kompyuta yake mwenyewe, walisema. Ilikuwa mara ya tatu anajaribu kazi ya namna hiyo. Mahali pawili pa kwanza walimsifu, wakamshika mkono kwa mikono miwili, wakamwambia atapigiwa simu.

"Kazi ya kupokea simu," alikuwa ananiambia, "na simu hawakupiga."

Toleo jipya tulilihitaji kwa sababu hiyo hasa. Lile la zamani lilikuwa na kasoro moja: namba ya simu liliisoma kama hesabu ya utajiri. Mgonjwa akiacha namba yake, Mukwe alitangaza mamilioni na mamia ya maelfu, na Yaya akabaki kuyavunja kichwani kama mtu anayevunja karanga kwa meno. Toleo jipya, tulisikia, linasoma tarakimu moja moja. Kwa hiyo nilikuja siku iliyotangulia na kulipakua kwa simu yangu, kazi iliyokula mchana kutwa, maana mtandao wa mteremko ule hupanda na kushuka kama sisi wenyewe. Programu iliniuliza maswali mawili matatu. Nilijibu, nikabonyeza "ndiyo", nikaondoka kabla haijamaliza, kwa sababu nilikuwa na sentensi kichwani na niliogopa itanitoroka njiani. Nasema ukweli. Sentensi yenyewe leo siikumbuki.

Yaya akavuta kibodi karibu. Vidole vyake vinajua mahali pa kila herufi kama sisi tunavyojua vidato vya nyumba zetu gizani. Akaandika maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi wiki nzima, maneno ya kumpokea mgonjwa, kisha akaamuru yasomwe.

"Abari ya azubui," akasema yule bwana. "Karibu. Apa tunawazikia wagonjwa wote."

Sinia ya sambaza ikagonga meza ya jikoni. "Tunawa-nini?"

"Tunawasikia, Maman. Nimeandika tunawasikia."

"Huyu amesema mutawazika! Mana yanjye, Mungu wangu! Muntu anapiga simu ju ya kikohozi, munamwambia kaburi iko tayari!"

Tukacheka sote watatu, hata Yaya. Lakini kicheko chake kilifika katikati kikasimama. Akapapasa saa yake ya mkononi, ile inayofunguka kioo ili aguse mishale.

"Saa tatu na robo," akasema. "Mwandishi, nitafutie Mukwe."

Nilianza kwa kumpigia fundi. Ni mtu wa Bukavu, ndiye aliyemtayarishia Yaya kompyuta ile zamani na kumfundisha kuitumia. Nikaweka simu mezani wote wasikie. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi na wimbo wa kanisa.

"Niko ku matanga," akasema kwa sauti ya chini. "Sema haraka, bajirani bananiangalia mubaya."

Nikamweleza. Akaniuliza kama naweza kutoa kila kitu na kupakua upya. Nikamwambia kwa mtandao wa siku ile ingechukua hadi jioni. Akafikiri kidogo; wimbo ukapanda, ukashuka.

"Sikia," akasema. "Ile sauti ya Kifaransa haikutoka nje. Iko mu ordinateri tangu zamani. Programu ikikosa sauti yake, inakamata ile iko karibu. Njo kusema sauti ya Kiswahili haioni. Mise à jour, hii toleo jipya, iko kama muntu wa kubeba mizigo: unamuonyesha nyumba moja, anaenda kutua kwa jirani. Angalia vitu viwili tu. Moja, programu inatafuta sauti mu dosie gani. Mbili, mafaili ya sauti yenyewe yako mu dosie gani."

Njo ni ndiyo, na dosie ni folda. Huku tunaliita hivyo, kwa Kifaransa chetu. Nikafungua ukurasa wa mipangilio. Programu ilikuwa imeandika wazi mahali inapotafutia. Kisha nikaiambia kompyuta initafutie mafaili ya sauti ya Kiswahili, ikayapata na kunipeleka moja kwa moja yalipo: mapya, mazima, yamekaa kwa mpangilio. Nikatazama jina la folda. Nikarudi kwenye mipangilio, nikatazama tena.

"Yako mahali pake, fundi."

"Umeona muzuri?"

"Nimeona. Ni dosie ile ile."

"Ile ile kabisa?"

"Fundi, mimi kusoma ndiyo kazi yangu."

Neno hilo ningetamani kulirudisha mdomoni, lakini wakati ule nililitoa kwa fahari. Kila Jumamosi mchana huwa tunakutana, waandishi vijana sita saba, kwenye chumba kimoja Kamembe, tunasomeana kurasa. Wengine wana sifa ya mafumbo, mmoja ana sifa ya kulia anaposoma. Mimi sifa yangu ni tahajia. Herufi iliyokaa pabaya huniwasha kama unyasi ndani ya kola.

"Basi mi sijue," fundi akasema. "Hapa tunaenda kuzika. Nitavuka daraja saa tisa, nitakuja kuona na macho yangu."

Saa tisa. Simu ilipokatika, Yaya aliinuka, akaenda kuchukua blauzi yake nyeupe, akaitandaza juu ya meza kwa viganja, akawasha pasi.

Nikaendelea kuhangaika. Nilizima programu na kuiwasha. Nilibadilisha lugha, nikairudisha. Nilibonyeza kila mahali palipoonekana kama pana matumaini. Kila mara yule bwana alitoka akiwa mzima kuliko mwanzo, anatangaza vitufe vyangu kwa lafudhi yake, na nje ya dirisha ziwa likaanza kung'aa jua lilipopasua mawingu, boti moja ikitoka taratibu upande wetu. Saa nne ikapita. Yaya alipiga pasi kola, akafuata mshono kwa kidole gumba, chuma kikimfuata nyuma bila kumgusa. Nilimwogopea, ingawa najua haungui kamwe. Mimi mwenye macho ndiye huungua.

"Unaweza kufanya jaribio kwa huyu huyu?" nikamuuliza. "Kwa siku ya leo tu?"

"Kwa Kifaransa ningefanya. Lakini wagonjwa wanapiga simu kwa Kinyarwanda na Kiswahili, batu wa hapa na batu wa ng'ambo. Mukwe akisoma Kinyarwanda changu anasoma kama jirani anayesoma barua ya jirani, inapita. Huyu," akaelekeza kidevu kwenye kompyuta, "huyu anapita juu ya jina la muntu na gari."

Mama mzee alikuja na chai, akaketi pembeni yangu, akatazama skrini kama anatazama kisima.

"Nisomee kile unaona," Yaya akasema. "Tangu asubuhi unaangalia peke yako."

Nikasoma. "Programu inatafuta kwenye Ruzizi. Ndani yake, Sauti."

"Na mafaili yako wapi?"

"Ruzizi. Ndani yake, Sauti."

Aliliita folda lake jina la mto, mwenyewe, siku ya kwanza fundi alipompa kompyuta. Nilijua hilo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Mtu anayeishi juu ya mto haulizwi kwa nini anautaja.

Yaya akaweka pasi kando, akaja mezani, akasogeza mshale kwa vidole vyake mwenyewe hadi kwenye jina la kwanza. "Ruzizi," akasema bwana wa puani, na ile u akiibana midomoni kama anapuliza chai. Akaenda kwenye jina la pili. "Ruzizi."

"Ni sawa," akasema, na mabega yake yakashuka. "Kweli ni sawa."

"Mimi huyu muntu simuamini," mama mzee akasema, akipuliza chai yake na yeye. "Mudomo wake uko na nyuki."

"Maman, tuko na kazi."

"Kwani nimekataza kazi? Nasema nyuki. Kila s anaitia nyuki. Asubuhi, azubui. Kusikia, kuzikia. Karatasi, karatazi. Zzz, zzz. Hata ungemupa Yesu, angemuita Yezu."

Yaya aliganda. Nimeona watu wakipata wazo, nimeandika kuhusu watu wakipata wazo, lakini sijawahi kuona wazo likimwingia mtu kwa sikio waziwazi namna ile. Aligeuza kichwa kidogo kuelekea kwa mama yake, kama anayetaka sentensi ile irudi mara ya pili.

"Kila s," akasema polepole. "Basi huyu hawezi kutuambia kitu juu ya s."

Programu ile ina namna ya kutaja neno herufi kwa herufi. Akaenda kwenye jina la kwanza, pale programu inapotafutia, akabonyeza. Bwana akataja, moja moja, kama mwalimu wa darasa la kwanza: er, u, zed, i, zed, i.

Akaenda kwenye jina la pili, pale mafaili yalipokaa.

Er, u, es, i, zed, i.

Chai yangu ilikuwa njiani kufika mdomoni. Nikaiweka chini. Nikafungua orodha yote ya mafolda, ambayo tangu asubuhi sikuwa nimeifungua, na yakatokea mawili yamefuatana, Rusizi na Ruzizi, kama ndugu wawili waliovaa sare moja. La pili, lile la zamani, halikuwa na sauti ndani yake. La kwanza lilikuwa limezaliwa jana.

Na hapo nikakumbuka.

Kati ya yale maswali mawili matatu, moja lilikuwa: niweke wapi mafaili? Kisanduku kilikuwa kimejazwa tayari kwa jina la zamani, kwa z mbili. Upande wa Bukavu mto unaandikwa hivyo. Upande wetu unaandikwa kwa s: kwenye vibao, kwenye ofisi ya wilaya, kwenye cheti changu cha shule. Nilikuwa na sentensi kichwani, nilikuwa na haraka, nikaona kosa la tahajia. Sikuweza kulipita. Nikafuta z, nikaandika s, nikabonyeza ndiyo, na nadhani hata nilitabasamu. Programu ikatii. Ikajenga nyumba mpya upande wa s, ikahamishia huko sauti mpya, ikafagia ile ya zamani upande wa z, kisha ikaendelea kumtafuta Mukwe kwenye nyumba ile tupu. Na mimi asubuhi yote nilitazama majina mawili nikaona moja, kwa sababu jicho langu lilijua mto, na mdomo wangu, wa mtoto wa Bukavu, husema z hata mbele ya s.

Ningeweza kunyamaza. Yaya hakuniona nikibadilika rangi. Fundi alikuwa amekwisha kuilaumu programu, na programu haina kinywa cha kujitetea, au asubuhi ile ilikuwa nacho cha kukopa tu.

"Yaya," nikasema. "Si programu. Ni mimi. Jana iliniuliza iweke wapi, nikabadilisha herufi."

"Ulibadilisha?"

"Niliona z. Nikadhani ni kosa."

"Ukaandika s."

"Nikaandika s."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

Akatafuta ukingo wa meza, akaushika.

"Weye, mwandishi," akasema. "Umesahihisha mto?"

Mama mzee alinijibia.

"Mi niliuvuka huo mto na mimba ya huyu," akasema, "na niliuvuka tena na mvi. Hakuna siku uliniuliza unaandikwa namna gani."

Yaya akacheka kidogo, kwa pua. Kisha akaketi, na kwa sauti isiyo ya kulaumu akaniambia jambo ambalo katika miaka yote ya ujirani sikuwa nimelisikia.

"Mu darasa letu kulikuwa ramani ku ukuta. Mi walinikalisha mbele kabisa, sababu mbali sikuwa naona tena. Majina mengine yote yalikuwa yamekwisha, moshi tu. Moja njo ilibaki. Ilikuwa kubwa, imeandikwa inainama-inama pamoja na mto. Ruzizi. Zed mbili, kama vidato vya ngazi. Kila siku nilikuwa naisoma ili nijue kama bado naona. Siku moja nikaangalia, haiko." Akapitisha kidole juu ya meza, juu, pembeni, chini: z. "Njo neno ya mwisho nilisoma na macho. Fundi akaniuliza, dosie tuiite nani? Nikamwambia."

Nimesoma kurasa nyingi za watu waliotaka kunifundisha uzito wa neno moja. Hakuna aliyefika pale.

"Nisamehe, Yaya."

"Nitakusamehe saa saba. Sasa ni ngapi?"

"Tano kasoro."

"Basi fanya kazi."

Kulikuwa na njia mbili. Ningeweza kuiambia programu iache kutafuta kwenye z, itafute kwenye s. Kazi ya sekunde chache. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Hapana. Vitu vyangu virudi kwangu. Uvivushe."

Nikachagua mafaili yote ya upande wa s, nikayaamuru yahamie upande wa z. Mstari wa kijani ukaanza kujaa skrini, polepole, na mimi nikawa nawasimulia yanavyokwenda: robo, nusu, yanaingia.

"Yamechukua jeton?" mama mzee akauliza. Jeton ni kile kikaratasi cha kuvukia daraja, ambacho yeye hukichukua kila akienda kumwona dada yake Bukavu. "Wasiyarudishe ku mpaka."

Yakafika. Nikafuta folda tupu la s, ile Rusizi yangu ya siku moja. Nikazima programu, nikaiwasha.

Kimya.

Si bwana wa puani, si Mukwe. Yaya alibonyeza kitufe, akabonyeza kingine. Hakuna kitu. Nikafungua mipangilio, nikasoma njia nzima kwa kunong'ona, herufi kwa herufi safari hii, kama mtoto: z, z. Ilikuwa sawa. Nikaanza kusema labda, labda, labda.

"Acha labda," Yaya akasema. "Hata muntu akihama nyumba anaketi kwanza. Zima ordinateri yote. Si programu. Yote."

Tukaizima. Tukakaa watatu mbele ya skrini nyeusi, na ndani yake nikajiona mimi na mama mzee tumeinama, na Yaya katikati yetu, uso umeinuka, akisikiliza kitu ambacho hakijaanza. Alihesabu hadi kumi kwa midomo. Akabonyeza kitufe cha kuwasha mwenyewe.

Feni ikavuma. Mwanga ukaja. Tukangoja.

"Karibu," akasema Mukwe.

Mama mzee akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Karudi! Ulilala wapi, wee mwanamuke?"

"Karibu," Mukwe akarudia, kwa kuwa Yaya alikuwa amebonyeza tena, na tena, kama mtu anayeonja. Kisha akafungua maneno yake ya salamu. "Habari ya asubuhi," ikasomeka, na h yake, na s yake safi kama maji yanayopita kwenye changarawe. "Karibu. Hapa tunawasikia wagonjwa wote."

"Njo hivyo," mama mzee akasema. "Sasa ninaweza kuugua."

Na akaugua kweli, palepale. Yaya alitaka kufanya mazoezi, kwa hiyo mama mzee alichukua simu yangu, akaenda jikoni, akafunga mlango wa jiko, akapiga.

"Allô, zahanati? Mi naumwa."

"Pole, Maman. Unaumwa nini?"

"Mugongo. Na goti. Na binti yangu hataki kuolewa."

"Maman, ya tatu hatuna dawa yake. Nipe namba yako."

Akampa namba, haraka haraka, kwa makusudi, akichanganya Kiswahili na Kifaransa kama wanavyofanya wote. Vidole vya Yaya vikaruka. Kisha akaamuru isomwe. Mukwe akaanza: sifuri, saba, nane, moja moja, kila tarakimu ikisimama peke yake kama mtu kwenye foleni, hadi mwisho. Hapakuwa na milioni hata moja. Yaya alikuwa ameinua mkono, anahesabu kwa vidole hewani. Ilipofika ya mwisho akafunga ngumi.

"Zote," akasema. "Zote ziko."

Tulikula mapema, sambaza na mkate wangu, kwa sababu mama mzee haruhusu mtu kwenda kwenye jaribio na tumbo linalozungumza. Fundi alituma ujumbe kuuliza tumefika wapi. Yaya aliniagiza nimjibu, nikamwandikia: ilikuwa s. Akarudisha alama ya kuuliza, na muda mfupi baadaye, alama nyingi za kicheko. Nadhani aliwaonyesha watu wa matanga.

Saa saba Yaya alitoka chumbani amevaa blauzi nyeupe. Kola ilikuwa imenyooka kuliko ukurasa. Alifunga kompyuta kwenye mkoba, akauvaa begani, akaweka spika za masikio kwenye mfuko wa pembeni, akagusa kila kitu mara mbili. Dereva wa pikipiki anayemjua alikuwa anamngoja juu, barabarani.

"Nikusindikize?" nikauliza.

"Ubaki. Ukija utasahihisha daktari."

"Umesema utanisamehe saa saba."

Akafungua kioo cha saa yake, akagusa mishale, hakuharakisha.

"Saa saba na dakika tano," akasema. "Imechelewa, lakini sawa." Akanyoosha mkono, akatafuta kichwa changu, akaupumzisha juu yake kidogo. Kisha, kwa sauti ya kazi, ile ya kupokea wagonjwa: "Mwandishi. Wakipiga simu, ni wewe nitakuambia wa kwanza. Wasipopiga, mi nitawapigia. Namba yao Mukwe anaisoma sasa."

"Enda na Mungu," mama mzee akasema. "Na useme zed zako zote."

Yaya akatafuta mlango kwa ncha ya fimbo, akatoka kwenye mwanga. Nikainuka kumsaidia, kwa kuwa mbao zilikuwa bado zimevimba na mvua. Lakini aliujua mlango wake kuliko mimi. Kutoka upande wa nje akauinua kidogo, akauvuta, ukafungika.